Nyumba Yako Yahitaji Joto Kiasi Gani?

Askari anapohamishwa kutoka Arua kwenda Kabale, jambo la kwanza linalowashangaza watoto wake ni baridi ya usiku. Mji wa Kabale uko juu karibu meta 2,000, na kabla ya mapambazuko joto la nje huweza kushuka hadi nyuzi 10 za Sentigredi. Hapo ndipo wazazi hushawishika kuingiza sigiri ya makaa chumbani na kufunga madirisha. Ndugu msomaji, kabla ya kufanya hivyo, chukua kalamu na karatasi.

Hesabu yenyewe si ngumu. Zidisha mambo matatu: eneo la paa au ukuta kwa meta za mraba, kiasi cha joto kinachopita humo, na tofauti baina ya joto la ndani na la nje. Jibu litakuwa wati, kipimo kile kile kilichoandikwa juu ya balbu ya umeme.

Tuchukue chumba chenye urefu wa meta 4, upana wa meta 3 na kimo cha meta 2.5. Twataka nyuzi 18 ndani, na nje ni 10. Tofauti ni 8. Paa la mabati lisilo na dari hupitisha kama wati 7 katika kila meta ya mraba kwa kila nyuzi moja. Basi 12 × 7 × 8 ni wati 672. Kuta za matofali ni meta 35 za mraba, nazo hupitisha kama wati 2: 35 × 2 × 8 ni 560. Hewa ipenyayo chini ya mlango huchukua kama 80. Jumla ni wati 1,312, kama pasi ya umeme iwakayo usiku kucha.

Sasa tazama palipo na hasara kubwa: ni paa. Ukiweka dari, lile 7 hushuka hadi 3 hivi, na 672 huwa 288. Umeokoa wati 384 bila kuchoma kipande cha kaa.

Tena, mtu mzima aliyelala hutoa mwilini mwake wati zipatazo 70. Blanketi halizalishi joto. Hulizuia hilo lisitoroke. Kwa hiyo ni rahisi zaidi kumfunika mtoto vema kuliko kukipasha moto chumba kizima.

Sigiri, kwa upande wake, hutoa gesi ya kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu. Katika chumba kilichofungwa huua watu wakiwa usingizini. Mtu akiumwa kichwa na kuona kizunguzungu karibu na makaa, mtoeni nje upesi, kisha mpelekeni hospitali.

Basi ziba nyufa za mlango, weka dari, ongeza blanketi, na uiache sigiri nje. Baridi huvumilika hadi asubuhi. Gesi haimngoji mtu aamke.