Taa za gari la zamani: dawa si ampuli kubwa

Wandugu wachimbaji, magari tunayopanda usiku kati ya Butembo na Beni mengi ni ya zamani. Iwe Carina ya taksi ao Celica ya mbio, taa zikififia dereva anakimbilia ampuli ya wati 100. Tufanye hesabu kwanza.

Taa nyingi za zamani zinatumia ampuli ya H4: wati 60 kwa mwanga wa mbali, 55 kwa wa chini. Kwa volti 12, ampuli mbili za wati 60 zinavuta ampea 10. Mbili za wati 100 zinavuta karibu 17, na waya ni ule ule wa zamani. Unapata moto, soketi inayeyuka, taa zinazimika kwenye kona na abiria wamejaa.

Ampuli za LED hazivuti sana, lakini katika taa ya H4 mara nyingi mwanga unatawanyika: mwenye pikipiki anayekuja haoni kitu.

Tena, magari ya usukani wa kuume kutoka Japani yanainua mwanga upande wa kushoto. Kwetu tunatembea kuume, basi unaingia machoni mwa anayekuja. Hapo inatakiwa kubadilisha taa nzima, si ampuli.

Dereva asafishe kioo, akaze waya wa masi, apime volti kwenye soketi. Zikipungua sana, fundi aweke rele, fyuzi na waya mnene kutoka betri. H4 ya kawaida itatosha.

Shimoni tunadai taa nzuri. Tuzidai na barabarani, mbele ya kulipa nauli.