Kabla Hujamlipa Wakili wa Talaka

Wanaonijia hapa Mbagala, Temeke, wengi huanza na swali la bei: "Dada, wakili wa talaka anachukua shilingi ngapi?" Mimi ni msaidizi wa kisheria, si wakili. Siruhusiwi kumtetea mtu mahakamani wala kumtoza ada. Basi nami huuliza langu: mmeshapita baraza?

Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inataka mgogoro upelekwe kwanza kwenye baraza la usuluhishi wa ndoa, liwe la kata, la BAKWATA au la kanisa. Wachache wamesamehewa hatua hiyo, kama mtu aliyetelekezwa na hajui mwenzake yuko wapi. Baraza likishindwa kuwapatanisha, hutoa hati. Isome hati hiyo pale pale kabla hujaondoka. Iseme wazi kwamba usuluhishi umeshindikana. Yako mashauri yaliyosikilizwa hadi hukumu ikatoka, mali zikagawanywa, kisha rufaani yote yakafutwa kwa kasoro ya karatasi hiyo moja. Wakili anayepokea fedha zako bila kuulizia hati ya baraza, mwache.

Si kila mtu anahitaji wakili. Hadi mwaka 2021 mawakili hawakuruhusiwa kabisa katika mahakama za mwanzo, na wanawake wa huku walijieleza wenyewe kwa Kiswahili chao wakaeleweka. Ila kama kuna nyumba yenye hati ya jina la mume peke yake, au mtoto anagombaniwa, mtafute. Kwenye mfumo wa e-Wakili wa Mahakama ya Tanzania utaona kama jina lake limo na kama leseni yake ya mwaka huu iko hai. Makubaliano ya ada yaandikwe, na kila malipo yawe na risiti. Asiye na uwezo aende kwenye mashirika ya TAWLA au WLAC, ambako msaada wa kisheria hutolewa bure. Sisi wa Temeke tuna bahati: tangu mwaka 2021 tuna kituo jumuishi cha mashauri ya mirathi na familia, kuanzia mahakama ya mwanzo hadi Mahakama Kuu, mahali pamoja.

Kinachoniumiza zaidi ni mama anayeniambia, "Sina changu, nilikuwa nyumbani tu." Mwaka 1983, katika shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, Mahakama ya Rufani ilikubali kwamba kazi za nyumbani na malezi ni mchango katika kuchuma mali ya ndoa. Kiasi gani utapata, hilo ni la ushahidi. Lakini wakili asiyekuuliza ulifanya nini miaka yote ile hawezi kukutetea.

Kuhusu watoto, kuna mawakili wanaoahidi, "Huyo mtoto ni wako, usiwe na wasiwasi." Hakuna mwenye mamlaka ya kuahidi hivyo. Ni kweli sheria inachukulia kwamba mtoto wa chini ya miaka saba ni heri akae na mama, lakini baba anaweza kuleta ushahidi wa kuipinga dhana hiyo. Mahakama hutazama ustawi wa mtoto kwanza, na akiwa na umri wa kujieleza, matakwa yake pia huzingatiwa. Kwa hiyo wakili mzuri atakuuliza nani humpeleka kliniki, nani huitwa na mwalimu, mtoto hulala wapi ukiwa kazini. Atataka kadi ya kliniki na risiti za shule. Mwingine atakutaka umchafue baba wa watoto kwa kila neno baya unalolijua. Namkataa huyo waziwazi, maana watoto bado watahitaji kumtembelea baba yao, na shuhuda zile zitabaki kwenye jalada.

Halafu kuna matunzo. Amri ikishatolewa, wengi hudhani kazi imekwisha, na wakili hufunga faili. Baba akiacha kulipa, inabidi kurudi mahakamani kuomba amri itekelezwe, na hiyo ni kazi nyingine yenye gharama yake. Siku ya kusaini makubaliano ya ada, muulize wakili kama imo.