Chunusi ikipiga yowe, usiizibe mdomo

Leo nakuletea kisa cha uso wangu mwenyewe. Usicheke.

Zilibaki siku tatu kabla ya kicheni pati ya dada yangu. Naamka, natazama kioo, lo! Chunusi imekaa shavuni kama imelipa kodi. Sasa si unajua tena vidole vyetu, havitulii. Nikaiminya. Kufika jioni shavu limevimba, jekundu, la moto, halishikiki.

Shoga yangu akaniletea krimu. "Paka hii tu, keshokutwa unang'aa." Na kweli, uso ukatulia. Nikanogewa, nikaipaka uso mzima kwa miezi miwili. Kasheshe ikaja nilipojaribu kuacha: uso unawaka, vipele kibao. Nikarudia krimu, ukatulia. Nikaacha tena, ukawaka tena. Mwisho nikaenda kwa daktari wa ngozi.

"Shikamoo daktari."

"Marahaba mwanangu. Hebu nione unachopaka."

Akasoma maandishi madogo ambayo mimi sikuwahi kuyatazama: clobetasol. "Hii ni steroidi, tena kali," akasema. "Umeiziba ngozi yako mdomo."

Mdomo gani tena? Ndipo akanipa darasa.

Ukiiminya chunusi, mara nyingi inapasukia ndani, na uchafu na bakteria vinasambaa chini ya ngozi. Seli za hapo zinapiga yowe, ila yowe lao ni kemikali. Mojawapo ni histamini, inayotanua mishipa midogo ya damu na kulegeza kuta zake. Damu inajaa, maji yanavuja. Huo ndio wekundu, joto na uvimbe.

Nyingine inaitwa intalukini-8, ambayo wanasayansi waliitambua mwaka 1987. Kazi yake ni kuita chembe nyeupe za damu ziitwazo nyutrofili. Hizo zinajibana kwenye ukuta wa mshipa, zinapenya, halafu zinafuata kemikali kule inakozidi kuwa nyingi. Ni kama wewe na harufu ya mishkaki usiku: inavyozidi, ndivyo unavyojua umekaribia! Zikifika zinameza bakteria, nyingi zinafia palepale. Usaha unaouona, sehemu kubwa ni maiti zao.

Ila yowe likizidi, wanakuja wengi mno. Ni kama mtaani mtu akipigiwa kelele za mwizi, hata asiyehusika anakula kibano. Ngozi nzima nayo inaumia, na makovu yanabaki. Ndiyo maana tunaambiwa tusiminye.

Sasa steroidi inaingia ndani ya seli na kuzuia kemikali hizo zisitengenezwe. Kwa mwenye pumu ya ngozi, kwa kipimo cha daktari, ni dawa nzuri. Lakini ukijipakia ovyo, uso unaonekana shwari huku walinzi hawaitwi, bakteria na fangasi wanajipatia nafasi, na ngozi inazidi kuwa nyembamba. Yenyewe pia inaleta vipele. Siku ukiacha, yowe lote linalipuka kwa pamoja.

Kama umeshaizoea krimu ya namna hiyo, usiitupe ghafla. Mpelekee daktari kopo lako, akupangie namna ya kuiacha.

Mimi chunusi ya siku chache nimeihangaikia miezi. Picha za kicheni pati nimetoka bomba, lakini za miezi iliyofuata nimezificha zote.

Wiki ijayo panapo majaaliwa!