Dada Akiondoka, Nani Abaki na Mtoto?

Saa kumi na moja alfajiri shoga yangu wa Kahama alinipigia simu akilia. Dada wa kazi katoroka usiku. Mtoto ana miezi minne, mume yuko zamu mgodini Geita, na saa moja yeye anatakiwa wodini. "Niache kazi?" akaniuliza. Jamani, nilikosa jibu.

Wawili hawa walikutana Kahama enzi za Buzwagi. Mgodi ulipoanza kuzalisha dhahabu mwaka 2009, vijana walimiminika kutoka kila mkoa, bibi na shangazi wakabaki kwao. Ulipofungwa mwaka 2021, shemeji akahamia Geita. Sasa ndoa iko miji miwili, na mtoto yuko mikononi mwa dada.

Tuangalie sheria. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mama siku 84 za likizo yenye malipo, 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja. Baba? Siku 3! Anayenyonyesha ana haki ya hadi saa 2 kwa siku, lakini utamnyonyesha vipi mtoto aliye upande wa pili wa mji? Elimu bila ada, iliyoanza mwaka 2016, humpokea akifika darasa la awali. Hapo katikati, miaka minne na zaidi, kila mtu na lwake.

Na tuwe wakweli, msomaji wangu: unafuu wetu umebebwa na binti wa mtu, anayelipwa kidogo na kulala wa mwisho. Ndiyo maana anatoroka.

Njia ipo. Halmashauri hupokea ushuru wa huduma kutoka migodini, na tangu mabadiliko ya sheria ya mwaka 2017, kampuni za madini hutakiwa kukubaliana nazo mpango wa kila mwaka wa kurudisha kwa jamii. Madarasa na zahanati tunashukuru. Mbona kituo cha kulelea watoto mchana kisiwemo, walezi walipwe vizuri na mzazi achangie kadiri ya kipato chake?

Shoga hakuacha kazi. Jirani alimshika mtoto hadi shemeji alipopata mapumziko. Lakini jirani si sera, jamani.

Kwa hiyo mkutano wa mtaa ukiitishwa, nendeni wote wawili. Msimwachie mama peke yake.