Mwili wenye nguvu si kinga: tujue tansio ya mimba

Ibada imekwisha, na akina mama wanasalimiana mlangoni mwa kanisa. Mmoja wao ana mimba kubwa. Amekuja na kandambili kwa sababu viatu havimwingii tena. Anasema kichwa kinamuuma tangu juzi. Mwenzake anamshika mkono na kumjibu kwa upendo: «Vumilia, mama, ni mimba tu. Itapita.»

Jibu hilo tumelisikia sisi sote, na wengi wetu tumelitoa. Mara nyingi ni kweli. Lakini kuna siku ambapo si kweli, na siku hiyo linaweza kuondoa watu wawili, mama na mtoto. Ili tuelewe vizuri, tuanze mbali kidogo na kwetu, kwa wanawake wanne ambao hakuna mtu angewaita wadhaifu.

Wakimbiaji wanne wa Rio

Mwezi wa nane mwaka 2016, katika Michezo ya Olimpiki ya Rio de Janeiro, wanawake wanne wa Marekani walikimbia mbio za kupokezana kijiti, kila mmoja mita 100. Majina yao ni Tianna Bartoletta, Allyson Felix, English Gardner na Tori Bowie. Katika mchujo, Felix aligongwa na mkimbiaji wa timu nyingine na kijiti kikaanguka. Walikata rufaa, wakaruhusiwa kukimbia tena wakiwa peke yao uwanjani, wakafuzu. Katika fainali walichukua dhahabu kwa sekunde 41.01.

Huko Marekani, michezo na masomo vinakwenda pamoja. Mwaka 1972 ilitoka sheria inayojulikana kwa jina la Title IX, ambayo inakataza shule zinazopokea fedha za serikali kuu kubagua watu kwa sababu ya jinsia. Sheria hiyo ilifungulia wasichana wengi mlango wa michezo ya vyuo: msichana mwenye mbio anaweza kusaidiwa kulipa masomo, naye anakimbilia chuo chake. Bowie, aliyelelewa na bibi yake kijijini Mississippi, alipita katika mlango huo. Alisoma katika Chuo Kikuu cha Southern Mississippi, na mwaka 2011 akawa bingwa wa vyuo wa kuruka mbali, ndani ya ukumbi na uwanjani pia. Bartoletta alikimbilia Chuo Kikuu cha Tennessee. Felix, binti wa mchungaji wa Los Angeles, alianza kulipwa kama mkimbiaji mara tu alipomaliza sekondari, kwa hiyo hakushindania chuo. Hata hivyo alisomea ualimu wa shule ya msingi katika Chuo Kikuu cha Southern California, akamaliza.

Watatu kati ya hao wanne walipotafuta kuwa mama, walipata taabu kubwa.

Bartoletta alishikwa na uchungu katika wiki ya 26, wakati mimba hukamilika karibu na wiki ya 40. Felix alikwenda kupimwa kama kawaida mwezi wa kumi na moja mwaka 2018, mimba ikiwa na wiki 32. Hakurudi nyumbani. Alikutwa na tansio ya mimba iliyo kali, akapelekwa hospitali, na binti yake akatolewa kwa upasuaji wa haraka. Mtoto alikaa wiki kadhaa katika chumba cha watoto wanaohitaji uangalizi mkubwa. Wote wawili walipona. Baadaye Felix alieleza kwamba miguu yake ilikuwa imevimba, lakini hakujua kwamba inaweza kuwa dalili ya hatari. Mwaka 2019 alitoa ushuhuda wake mbele ya kamati ya Bunge la Marekani. Mwaka 2021 alirudi katika Olimpiki ya Tokyo akiwa mama, akapata dhahabu na shaba, na medali zake zote za Olimpiki zikafika 11.

Tori Bowie hakupata nafasi ya kutoa ushuhuda. Mwaka 2017 alikuwa bingwa wa dunia wa mita 100. Mwezi wa tano mwaka 2023 alikutwa amekufa nyumbani kwake Florida, akiwa na miaka 32. Mimba yake ilikuwa ya karibu miezi minane, na uchungu ulikuwa umeanza. Alikuwa peke yake, na kwa siku kadhaa hakuna aliyekuwa amesikia habari zake. Waliochunguza mwili walisema alikufa kwa matatizo ya kujifungua, na kati ya yale yanayowezekana walitaja kukosa pumzi na kifafa cha mimba. Mtoto wake pia alikufa.

Hawa wote ni wanawake weusi. Katika nchi ile tajiri, mwanamke mweusi ana hatari ya kufa kwa sababu ya uzazi karibu mara tatu kuliko mwanamke mweupe. Umaarufu na misuli havikuwakinga.

Ugonjwa huu ni nini?

Tansio ya mimba huanza baada ya wiki ya 20 ya ujauzito. Chanzo chake kiko kwenye kondo la nyuma, lile linalomlisha mtoto tumboni. Mishipa ya damu inayolifikia isipofunguka vizuri, kondo hukosa damu ya kutosha na kutoa vitu vinavyodhuru mishipa ya mama mwenyewe. Tansio hupanda hadi 140 kwa 90 au zaidi, na mara nyingi figo huanza kupitisha protini katika mkojo. Ikifika 160 kwa 110, hatari ni kubwa sana. Ini, figo na ubongo vinaweza kuharibika. Mama akianza kutetemeka mwili wote na kupoteza fahamu, hicho ndicho kifafa cha mimba.

Jambo gumu ni kwamba mwanzoni mama anaweza kujisikia mzima kabisa. Ndiyo sababu muuguzi wa CPN humfunga mkono na kupima tansio, na kumwomba mkojo, kila mara anapokwenda. Anatafuta kitu ambacho macho hayakioni. Tangu mwaka 2016 Shirika la Afya Duniani linashauri mama aonane na wahudumu wa afya angalau mara nane katika mimba moja. Mama anayekwenda mara moja tu ili apate fishi hajapimwa inavyotakiwa.

Ugonjwa huu unaweza kumpata mwanamke yeyote. Lakini hatari huongezeka kwa mwenye mimba ya kwanza, mwenye mapacha, msichana mdogo sana, mwanamke aliyepita miaka 35, na yule mwenye tansio, kisukari au ugonjwa wa figo. Aliyeupata katika mimba iliyopita amwambie muuguzi tangu siku ya kwanza, kwa sababu kuna dawa ambazo daktari anaweza kumwandikia mapema kupunguza hatari. Asijinunulie mwenyewe sokoni.

Tiba ya kweli ni mtoto na kondo kutoka. Kwa hiyo daktari akisema mtoto atolewe kabla ya wakati, si kwamba ana haraka; anapima hatari mbili na kuchagua ile ndogo. Kuna pia sindano ya magnesiamu salfeti, dawa ya zamani isiyo ya bei kubwa. Mwaka 2002 yalitangazwa matokeo ya utafiti uliofanywa kwa wanawake zaidi ya 10,000 katika nchi 33: dawa hiyo ilipunguza hatari ya kifafa cha mimba kwa nusu.

Dalili za kutongojea

Mwenye mimba akiona moja ya hizi, aende kituo cha afya siku ileile, hata kama ni usiku:

- kichwa kuuma sana na kutotulia;
- macho kuona ukungu au vimulimuli;
- maumivu makali juu ya tumbo, chini ya mbavu za kuume;
- uso na mikono kuvimba ghafla;
- kukosa pumzi;
- mkojo kuwa kidogo sana;
- kutetemeka au kupoteza fahamu.

Miguu kuvimba kidogo jioni ni kawaida kwa wengi, lakini anayejua tofauti ni yule mwenye kipimo. Na hatari haiishi mtoto anapozaliwa. Dalili hizi zinaweza kuja hata katika wiki sita baada ya kujifungua, wakati watu wote wanamtazama mtoto na kumsahau mama.

Kuvumilia kuna mpaka

Mwanariadha hufundishwa kushinda maumivu. Miguu ikiwaka, anaendelea. Akina mama wetu nao wamefundishwa vivyo hivyo, bila kocha na bila medali: kupanda mlima na mzigo, kulima na mimba ya miezi minane, kutolalamika. Tunawasifu kwa hilo, na wanastahili sifa. Lakini sifa hiyo ina mtego wake. Mama anayesifiwa kwa sababu halalamiki huona aibu kusema kichwa kinamuuma. Kusema si udhaifu.

Kuna neno la pili ambalo sisi watu wa kanisa tunapaswa kulisema wazi. Kifafa cha mimba kinatisha kukitazama, na wako wanaodhani ni pepo au uchawi. Mama anafungiwa chumbani, watu wanakemea, na saa zinapita. Huo ni ugonjwa wa damu na mishipa, nao una dawa. Mlaze kwa ubavu wa kushoto, usimtie kitu kinywani, tafuta usafiri mara moja. Anayetaka kuomba aombe njiani.

Kwetu Bukavu tunao mfano. Daktari Denis Mukwege alipoanzisha Hospitali ya Panzi mwaka 1999, chini ya kanisa la CEPAC, nia yake ya kwanza ilikuwa kuwasaidia akina mama waliokuwa wakifa kwa uzazi. Vita vilileta majeraha mengine mlangoni pake. Lakini ile nia ya kwanza bado ni kazi yetu sote.

Kazi ya nyumba na ya kusanyiko

Baba, soma fishi ya mke wako. Uliza tansio ilikuwa ngapi, na uweke pesa ya pikipiki kando kabla ya mwezi wa saba. Mama mkwe, ukisikia binti anasema haoni vizuri, usimwambie kwamba wewe ulizaa kumi bila kupimwa. Viongozi wa akina mama, jueni nani ana mimba na nani anaishi peke yake. Akikosa kuonekana siku mbili, mtu apite kwake.

Na wewe utakayekutana na yule mama mlangoni Jumapili ijayo, mshike mkono kama ulivyozoea. Badilisha jibu tu. Mwambie: «Twende wakupime, nitakusindikiza.»