Kinachokosekana ni Mhariri

"Mwalimu, Kiswahili kitaandikaje mambo ya anga na roboti ilhali maneno yenyewe hakina?"

Swali hili nimeulizwa hapa Tezo, Kilifi, hadi nimechoka. Mwezi uliopita aliniuliza kijana aliyeniletea daftari la hadithi yake. Mhusika anaitwa John, anapaa kutoka Florida, na kufikia ukurasa wa tatu anabishana na kompyuta kwa Kiingereza. Kijana mwenyewe amezaliwa na kukulia papa hapa.

Najibu, na natumaini ni mara ya mwisho. Maneno yapo. Mvuvi wa Takaungu akisema "chombo", kila mtu anamwelewa. Ongeza "cha angani" na hapotei msomaji hata mmoja. Rubani alikuwa akiongoza majahazi kabla ndege haijatua nchini. Zuhura, Mirihi, Mshtarii na Zohali ni sayari tulizozipa majina zamani, na wakulima wamepanda kwa kutazama nyota za Kilimia.

Palipo na pengo tunakopa, kama wanavyokopa wengine. Waingereza hawakuwa na neno roboti mpaka Karel Čapek, Mcheki, alipolitumia katika tamthilia yake ya mwaka 1920, akilitoa kwenye neno la kwao la kazi ya shokoa. Neno roketi nalo walilipata kwa Waitaliano. Hawakungoja kamusi. Kwa hiyo ile dawa inayouzwa katika kila kongamano, kwamba tuketi kwanza tutunge orodha ya istilahi ndipo tuandike, haitibu chochote. Neno hukita mizizi kwa kusomwa ndani ya hadithi. Likifungiwa kwenye orodha, hufia humo.

Na hao Waitaliano walirushia roketi Ngomeni, kaskazini ya Malindi, kutoka jukwaa lililosimama baharini. Tarehe 12 Desemba 1970 iliruka pale satelaiti ya kwanza duniani iliyoundwa mahsusi kuchunguza eksirei za angani. Wamarekani wenye satelaiti hiyo waliipa jina la Kiswahili: Uhuru. Sasa John anatafuta nini Florida?

Tena njia imeshafyekwa. Katama Mkangi, mwana wa Kilifi aliyewekwa kizuizini mwaka 1986, alichapisha riwaya ya Walenisi mwaka 1995. Mhusika wake Dzombo, jina la Kimijikenda waziwazi, anahukumiwa kifo na kutiwa katika chombo cha kumpeleka angani. Anajifunza kukiendesha, anatua kwenye sayari ya watu huru. Jina la sayari hiyo ni maneno yetu matatu yaliyounganishwa: wale ni sisi.

Tunachokosa ni jarida, na mhariri wa kuliketia. Kwa Kiingereza fani ya bunilizi ya kisayansi ilijengwa na majarida: Hugo Gernsback alianzisha Amazing Stories mwaka 1926. Mwaka 1938 kijana wa miaka 18, Isaac Asimov, alipeleka hadithi yake kwa John W. Campbell, mhariri wa jarida la Astounding. Campbell alizungumza naye zaidi ya saa moja, kisha akaikataa hadithi kwa barua ya kurasa mbili. Mwaka uliofuata akachapisha nyingine ya kijana yuleyule. Vijana wetu wanakataliwa kwa kimya, na kimya hakimfunzi mtu.

La kufanya, basi. Andika hadithi fupi, riwaya itakuja baadaye. Ifuatilie Tuzo ya Nyabola, iliyoanzishwa kwa vijana wanaoandika bunilizi ya kisayansi kwa Kiswahili. Soma jarida la Omenana la Nigeria na toleo la jarida la Jalada la mwaka 2015 kuhusu Afrika ya kesho. Walimu, anzisheni jarida la shule, hata la kurasa nane, mwanafunzi mmoja awe mhariri, na kila hadithi inayokataliwa irudi na sababu zilizoandikwa.

Daftari la yule kijana nimelirudisha na kurasa mbili za maelezo. Nawe uliyeficha lako chini ya godoro, litoe. Ukikosa wa kukusomea, niletee mimi.