Nyumba moja, familia tatu: Likizo inayompima mtoto adabu

WAZAZI wengi wanapopanga safari ya familia nje ya nchi, huuliza kwanza kama hoteli ina bwawa la kuogelea na intaneti ya uhakika. Anayetaka kulala Ogimachi, kijiji kilichopo eneo la Shirakawa-go katikati ya Japani, inambidi ajiulize jambo lingine: je, mtoto wangu anaweza kulala usiku kucha katika chumba kilichotenganishwa na cha jirani kwa mlango wa karatasi tu?

Swali hilo si la mzaha. Kijijini hapo zipo nyumba za wageni ziitwazo minshuku, zinazoendeshwa na familia zinazoishi humohumo. Mgeni hapewi ghorofa yake wala bafu lake. Anapewa chumba, na mengine yote anagawana na wenzake.

Paa kama mikono ya sala

Nyumba hizo hujulikana kwa jina la gassho, maana yake viganja viwili vilivyounganishwa wakati wa kusali. Ndivyo paa zake za nyasi zinavyoonekana. Mwinuko wake ni mkali kwa sababu eneo hilo hupata theluji nyingi wakati wa baridi, na paa la bapa lingelemewa. Zamani, familia zilitumia dari pana chini ya paa hizo kufuga viwavi wa hariri.

Mwaka 1995, UNESCO iliingiza Ogimachi na vijiji viwili jirani vya Gokayama, yaani Ainokura na Suganuma, katika orodha ya urithi wa dunia. Tangu hapo watalii hufurika mchana. Jioni mabasi yakiondoka, kijiji hurudi kwa wenyeji na wageni wachache waliolipia kulala.

Jioni ya kwanza

Mambo huanza mlangoni. Viatu huvuliwa na kupangwa vizuri. Ndani, sakafu ya chumba ni mikeka minene ya tatami, ambayo haikanyagwi hata kwa ndala. Chooni kuna ndala zake, na kutoka nazo ni aibu ambayo watoto huifurahia sana wanapomkamata baba ameisahau.

Kuoga nako kuna utaratibu. Mtu hujisugua na kujisuuza kabisa nje ya beseni kubwa, kisha ndipo anapoingia kwenye maji ya moto ili kupumzika. Maji hayo ni ya nyumba nzima, kwa hiyo sabuni haiingii humo na kizibo hakichomolewi. Kwa kawaida bafu hutumiwa kwa zamu, hivyo anayechelewa kutoka anamchelewesha mwingine.

Chakula cha jioni huandaliwa kwa saa maalumu, mara nyingi kama saa kumi na mbili. Huweza kuwa samaki wa mtoni, mboga za milimani, wali, supu, na miso iliyochomwa juu ya jani kavu. Hakuna kuagiza chipsi. Mtoto anayechagua chakula atalala na njaa, isipokuwa mzazi amejiandaa.

Kwa familia za Kiislamu, na kwa wenye mzio, jambo hili lisemwe siku ya kuweka nafasi, si mezani. Mchuzi wa Kijapani mara nyingi hutengenezwa kwa supu ya samaki, na viungo kama mirin na sake vina pombe. Mwenye nyumba anayepika chungu kimoja kwa wote hawezi kubadilisha mambo dakika ya mwisho.

Vipi kuhusu kilio cha usiku?

Hapa ndipo penye mtihani. Mtoto mchanga hajui adabu ya wageni, na karatasi haizuii kilio. Baadhi ya nyumba hazipokei watoto wadogo kabisa, na si kwa chuki.

Mzazi mwenye mtoto wa miezi kadhaa asione haya kulala mjini Takayama na kuja kijijini mchana. Basi huchukua kama dakika 50. Kulazimisha usiku ambao mama atautumia kusimama gizani akibembeleza, huku akiogopa kila mlango, si likizo kwake wala kwa jirani.

Kwa watoto wa umri wa shule, hali ni tofauti. Wanaelewa wakielezwa. Mtoto aliyezoea kwenda kwa bibi kijijini, akalala na binamu zake watano chumba kimoja na kusubiri zamu ya kuoga, anayajua mengi ya haya kabla ya kupanda ndege.

Nyumba inayobebwa na jirani

Kuna funzo kubwa zaidi juu ya vichwa vya wageni. Paa la nyasi halidumu milele, na familia moja haiwezi kuliezeka upya peke yake. Wanakijiji huitana kufanya kazi hiyo pamoja, utaratibu wanaouita yui: leo kwako, kesho kwangu. Wapare wa Tanzania huita msaragambo, Wakenya harambee. Mtoto akielezwa hivyo, Japani haiwi mbali tena.

Mwaka 1971 wakazi wa Ogimachi walikubaliana mambo matatu kuhusu nyumba zao: kutouza, kutokodisha, kutobomoa. Adui mkubwa ni moto. Kila msimu wa majani kupukutika hufanyika zoezi la kurusha maji juu ya paa. Ndiyo maana mgeni haruhusiwi kuvuta sigara ovyo wala kuwasha fataki, na mtoto anayechezea kiberiti anahatarisha urithi wa ukoo mzima.

Kabla ya kufunga mizigo

Mzazi, uliza mapema umri wa watoto wanaopokelewa. Beba fedha taslimu na vitafunwa kidogo vya mtoto. Simu ziwe kimya, na katuni zisikilizwe kwa visikizio.

Kisha fanyeni mazoezi nyumbani wiki moja: sauti ya chini baada ya saa mbili usiku, viatu mlangoni, na kula kilichopikwa. Hata safari ikikwama kwa nauli, nyumba yenu itakuwa imefaidika.